Kipimo cha Unyevu

Tulikuwa thelathini na wanane, viti thelathini.
Waliochelewa walisimama nyuma, karibu na birika la chai,
na mimi, niliyeamka saa tisa usiku kupiga pasi
blauzi ya dada yangu, ile yenye kifungo kimoja cha rangi nyingine,
nilikuwa mmoja wao.

Gongoni, mwendo kidogo kutoka Malindi mjini.
Kiwanda cha chumvi kimefungua lango siku moja
ili tuone, walisema, kazi ilivyo kwa ndani.
Tukapewa beji. Yangu: NYEVU.
Tukapewa helmeti, zote za njano, zote kubwa,
tukawa kama uyoga ulioota pasipo mvua.

Bi. Mwanaesha wa ajira aliwasha projekta.
"Hapa sisi ni familia," akasema,
na Kitsao, ambaye hajui kunong'ona,
akauliza familia hiyo mwaka huu inazaa wangapi.
Watu wakacheka. Bi. Mwanaesha akacheka pia,
akanywa maji, akageuza ukurasa.
Uliofuata ulikuwa picha ya watu wakipeana mikono.

Kisha mabwawa.
Weupe unaoumiza macho, mraba kwa mraba.
Wanawake wanne wanakwangua, miguu ndani ya mifuko ya plastiki
iliyofungwa kwa kamba vifundoni.
Mmoja aliinua mkono.
Sikujua kama ananisalimu au anajikinga jua.
Niliinua wangu nusu,
na nusu hiyo bado naibeba begani.

Maabara nilipajua kama mtu ajuavyo jiko la kwao gizani:
mizani, tanuri, visahani vyenye namba za kalamu.
Athmani Lali, koti jeupe, doa la chai mfukoni,
hakuwa na picha za kutuonyesha.
"Adui yetu hapa ni mmoja," akasema.
"Si kutu. Si washindani. Ni unyevu."

Vichwa thelathini na saba vikageuka,
vikasoma kifua changu.
Kicheko kilianzia kwa Kitsao, kikazunguka meza,
kikanikuta na mimi kinywani.
Mama alinizaa msimu wa manyunyu, nikajitetea,
jina nimelikuta.
"Basi njoo," akasema Athmani, "ujipime."

Gramu kumi. Tanuri, nyuzi mia moja na kumi.
Wenzangu wakaenda kwenye sambusa;
mimi nikabaki nikiitazama saa ya ukutani
iliyokuwa nyuma kwa dakika nne.
Nikapima tena: tisa nukta saba.
"Kilichopotea ndicho tulichokuwa tunakitafuta," akasema
akiandika daftarini, bila kuinua uso,
kama asiyejua amesema nini.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:
"Nafasi ni mbili. Fomu zinafungwa Ijumaa.
Hilo hamkuambiwa kule mbele."

Nyumbani Muyeye, Mama aliufungua mfuko wa zawadi:
kalamu, kalenda ya mwaka uliokwisha nusu,
pakiti ya chumvi, nusu kilo.
Akaibonyeza. Imeganda, ngumu kama kichuguu.
Hakusema neno. Akaigonga kwa mchi,
akaimimina koponi,
akatupia punje chache za mchele,
akafunika, akarudi kwenye mchicha wake.

Usiku nikajaza fomu kwa mwanga wa simu.
Jina. Shahada. Mwaka wa kuhitimu.
Swali la sita: utatuletea nini ambacho hatuna?
Nikaandika mistari minne ya kemia, nikaikata.
Nikaandika: mchele.
Nikakata na huo.
Karatasi ikabaki na makovu mawili
na nafasi nyembamba pembeni.

Hapo nikaandika jina langu tu,
herufi zake tano, kwa kalamu yao,
wino ukang'aa kidogo chini ya ile taa ndogo.
Sikulipuliza.
Nikaliacha likauke lenyewe.